Lise Meitner: Tuzo Alinyimwa, Bomu Akabandikwa

Muhula uliopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa isimu. Swali lilihusu uundaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili, na mwanafunzi mmoja alikuwa amechagua istilahi za fizikia ya nyuklia. Aliandika kwa ufasaha juu ya neno kiini, akieleza jinsi lilivyotolewa katika yai na katika mbegu likatiwa ndani ya atomu. Kisha akaongeza, kama jambo lisilohitaji hoja, kwamba mpasuko wa kiini cha urani uligunduliwa na Mjerumani aitwaye Otto Hahn. Hapo nilisita, kalamu nyekundu ikiwa mkononi. Sentensi hiyo haikuwa ya uongo, lakini haikuwa ukweli mtimilifu pia.

Nilimwita mwanafunzi huyo ofisini nikamuuliza kama amewahi kulisikia jina la Lise Meitner. Hakuwa amelisikia. Sikumlaumu, maadamu vitabu alivyosoma tangu shule ya upili havikulitaja. Nimeonelea basi niutumie ukumbi huu kuwasimulia walimu na wanafunzi maisha ya mwanamke huyo. Wahenga walituusia kwamba mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Meitner alinyimwa haki mara mbili: alinyimwa jina alilostahili, kisha akabandikwa jina asilostahili. Na katikati ya dhuluma hizo mbili alitenda jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, linapasa kufundishwa katika kila darasa la sayansi.

Alizaliwa mjini Vienna, Austria, mwezi wa Novemba mwaka wa 1878. Alikuwa mtoto wa tatu miongoni mwa wanane wa wakili mmoja wa ukoo wa Kiyahudi, mzazi aliyetaka binti zake wasome. Nje ya nyumba yao, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Katika Austria ya siku hizo msichana alipofika umri wa miaka 14, shule za umma zilikuwa zimemalizana naye. Chuo kikuu kilianza kuwafungulia wanawake mlango mwaka wa 1897, naye Lise akiwa na umri wa karibu miaka 19.

Babake alimshauri apate kwanza cheti cha kumwezesha kujitegemea, naye akasomea ualimu wa Kifaransa. Naam, mwanafizikia huyu alianza kama mwalimu wa lugha, na sisi wa idara za lugha tuna haki ya kutabasamu kidogo. Baadaye alijifungia na mwalimu wa kibinafsi, akayasoma kwa muda wa miaka miwili masomo ambayo wavulana waliyasoma kwa minane. Mwaka wa 1901 wasichana 14 waliufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Waliofaulu walikuwa wanne tu, naye alikuwa mmoja wao.

Katika Chuo Kikuu cha Vienna alifundishwa na Ludwig Boltzmann, profesa ambaye mihadhara yake ilimfanya aione fizikia kama safari ya kuutafuta ukweli. Mwaka wa 1906 alitunukiwa shahada ya uzamifu, mwanamke wa pili kuipata katika fizikia chuoni humo. Mwaka uliofuata alifunga safari kwenda Berlin kusikiliza mihadhara ya Max Planck. Alikusudia kukaa huko kwa muda mfupi. Alikaa miaka 31.

Huko Berlin alikutana na Otto Hahn, mwanakemia kijana wa rika lake aliyetafuta mwanafizikia wa kushirikiana naye katika utafiti wa unururifu. Lakini taasisi ya kemia ambamo Hahn alifanyia kazi haikuruhusu wanawake kuingia. Suluhisho lililopatikana lilikuwa la aibu: Meitner aliruhusiwa kufanya kazi katika chumba cha chini ambacho awali kilikuwa karakana ya seremala, kwa sharti kwamba atatumia mlango wa nje na hatakanyaga maabara za juu. Hata msala hakuwa nao. Alilazimika kwenda katika mkahawa uliokuwa barabarani. Mshahara nao haukuwepo, akawa anaishi kwa fedha alizotumiwa na babake. Marufuku hiyo iliondolewa baada ya jimbo la Prussia kuwakubali wanawake vyuoni mwaka wa 1908. Mwaka wa 1912 Planck alimwajiri kuwa msaidizi wake, na kazi yake ya kwanza ya mshahara ikawa ni kusahihisha kazi za wanafunzi. Mwalimu anayelalamikia rundo la madaftari mezani pake na apate liwazo hapo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, marafiki hao wawili walienda njia tofauti. Hahn aliingizwa katika kikosi kilichotengeneza na kutumia gesi ya sumu dhidi ya wanajeshi wa adui. Meitner alijitolea kuwa muuguzi wa eksirei katika jeshi la Austria, akawapiga picha majeruhi waliovunjika mifupa na waliojaa vipande vya risasi. Aliyaona kwa macho yake mambo ambayo sayansi inaweza kuutenda mwili wa binadamu. Nadhani hatuwezi kuuelewa uamuzi wake wa baadaye tukiyasahau majeruhi hao.

Aliporejea Berlin, yeye na Hahn walitangaza mwaka wa 1918 ugunduzi wa elementi ya protaktini. Alipewa idara yake mwenyewe ya fizikia katika taasisi mpya ya kemia. Mwaka wa 1922 alipata haki ya kufundisha chuo kikuu, akatoa mhadhara wa kujitambulisha uliohusu unururifu na michakato ya anga za juu. Gazeti moja liliripoti kwamba bibi huyo alikuwa amezungumzia vipodozi. Katika Kijerumani, kama katika lugha nyingi za Ulaya, neno la mambo ya anga na neno la urembo hukaribiana kimatamshi, na mwandishi alipomwona mwanamke jukwaani sikio lake lilichagua lile alilolitarajia. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki ninapotaka wajue kuwa kusikia si kazi ya masikio peke yake. Mwaka wa 1926 Meitner aliteuliwa kuwa profesa, mwanamke wa kwanza nchini Ujerumani kufikia cheo hicho katika fizikia.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Mwaka wa 1934 Mwitaliano Enrico Fermi alianza kuipiga urani kwa nyutroni, vichembe visivyo na chaji vinavyoweza kupenya hadi ndani ya atomu. Alidhani amepata elementi mpya nzito kuliko urani. Meitner alivutiwa na jambo hilo, akamshawishi Hahn warudi kufanya kazi pamoja, na kijana mwanakemia Fritz Strassmann akajiunga nao. Kwa miaka minne watatu hao walihangaika na matokeo yasiyoeleweka.

Wakati huohuo siasa ilikuwa ikibisha hodi. Hitler alishika madaraka mwaka wa 1933, na Meitner akapokonywa haki ya kufundisha chuo kikuu kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Aliendelea na utafiti kwa kuwa taasisi yake haikuwa ya serikali moja kwa moja na kwa kuwa alikuwa raia wa Austria. Wenzake wengi walikimbia. Yeye alibaki, akijishughulisha na kazi yake na kufumba macho. Mwezi wa Machi mwaka wa 1938 Ujerumani iliimeza Austria, na kinga hiyo ikatoweka. Pasipoti yake haikutambuliwa tena, na wanasayansi walikuwa wakikaribia kupigwa marufuku kuondoka nchini.

Tarehe 13 Julai 1938, akiwa na umri wa miaka 59, alipanda garimoshi akiandamana na Dirk Coster, mwanafizikia wa Uholanzi aliyekuja kumtoa. Alibeba mikoba midogo miwili na marki 10. Hahn alikuwa amempa pete ya almasi aliyoirithi kwa mamake, ili aitoe kama hongo mpakani ikibidi. Haikubidi. Alivuka hadi Uholanzi, na hatimaye akafika Stockholm, Uswidi, ambako alipewa nafasi katika taasisi iliyokuwa na vyombo vizuri lakini isiyomkaribisha kwa moyo. Hakuwa na wasaidizi wala vifaa vyake, na mshahara ulikuwa mdogo. Miaka 30 ya kazi ilibaki nyuma yake mjini Berlin.

Utafiti wenyewe haukukatika. Yeye na Hahn waliandikiana barua takriban kila siku, na mwezi wa Novemba walikutana kwa siri mjini Copenhagen, ambapo Meitner alihimiza majaribio yarudiwe kwa makini zaidi. Mwezi wa Disemba Hahn alimwandikia habari ya ajabu. Yeye na Strassmann walikuwa wameipiga urani kwa nyutroni, na walichokipata ndani yake kilikuwa bariamu, elementi ambayo uzito wake ni karibu nusu tu ya ule wa urani. Kikemia hawakuwa na shaka. Kifizikia hawakuelewa, na Hahn alimwomba atafute maelezo.

Barua hiyo ilimkuta Meitner akijiandaa kwenda mji mdogo wa Kungälv, magharibi mwa Uswidi, kusherehekea Krismasi na marafiki. Alitembelewa huko na Otto Robert Frisch, mwanafizikia aliyefanya kazi Copenhagen. Frisch alikuwa mtoto wa dadake mkubwa. Kwa hesabu yetu ya ujamaa, Meitner alikuwa mama yake mdogo. Walitoka kutembea kwenye theluji, kijana akiteleza kwa vibao vyake miguuni, mamake mdogo akienda kwa miguu bila ya kuachwa nyuma. Waliketi juu ya gogo, wakatoa vipande vya karatasi, wakaanza kupiga hesabu.

Hoja yao ilikuwa hivi. Kiini cha urani si jiwe gumu la kuchongwa. Ni kama tone la maji linalotikisika. Nyutroni ikiingia, tone hilo linaweza kurefuka, likabonyea katikati, likagawanyika matone mawili. Urani ina protoni 92. Bariamu ina 56. Zinazobaki ni 36, nazo ni za elementi iitwayo kriptoni. Vipande hivyo viwili husukumana kwa nguvu nyingi mno. Nguvu hizo zatoka wapi? Meitner alikumbuka namna ya kupima uzito wa viini, akapata kwamba vipande viwili kwa pamoja ni vyepesi kuliko urani ya mwanzo, na kwamba kilichopotea ni kama sehemu moja kwa tano ya uzito wa protoni. Kwa kanuni ya Einstein, uzito huo ukigeuka kuwa nishati hutoa elektroni-volti milioni 200 kwa atomu moja. Atomu ya kaa inapoungua hutoa elektroni-volti chache tu. Hesabu za pande zote mbili zilikubaliana, na kitendawili kikateguka hapo juu ya gogo.

Frisch aliporudi Copenhagen alimuuliza mwanabiolojia mmoja wa Marekani neno wanalotumia wenzake kwa kitendo cha seli moja kugawanyika kuwa mbili. Akapewa neno, akalihamishia katika fizikia. Makala ya Meitner na Frisch yalichapishwa nchini Uingereza tarehe 11 Februari 1939 yakiwa na neno hilo jipya. Ajabu ya mambo ni kwamba neno lililotumika kueleza jinsi uhai unavyoongezeka ndilo lililokuja kutumika kueleza kitendo kilichoteketeza miji. Kiswahili chetu kimesema mpasuko, na sioni kwamba tumekosea. Kinachopasuka hakirudi kilivyokuwa.

Ni nani basi aliyegundua? Hahn na Strassmann walikipata kitu wasichokielewa, na walichapisha matokeo yao mwezi wa Januari 1939. Meitner na Frisch ndio walioeleza ni kitu gani. Jina la Meitner halikuwemo katika makala ya Berlin, kwa kuwa kumtaja mkimbizi wa Kiyahudi kungewahatarisha waandishi wake. Jambo hilo linaeleweka. Lisiloeleweka kwa urahisi ni kwamba hata baada ya hatari kupita, Hahn aliendelea kusimulia kana kwamba ugunduzi ulikuwa wa kemia peke yake, na kana kwamba mwenzake wa miaka 30 alikuwa msaidizi tu.

Katika kipindi cha wiki chache wanasayansi wa nchi mbalimbali waling'amua kwamba kila mpasuko hutoa nyutroni nyingine, ambazo huweza kupasua viini vingine, navyo vikatoa nyutroni zaidi, kama moto wa nyikani unaorukia nyasi hadi nyasi. Mwaka wa 1940 Frisch mwenyewe, akiwa amekimbilia Birmingham, aliandika pamoja na Rudolf Peierls waraka mfupi ulioionyesha serikali ya Uingereza kwamba bomu la urani halingehitaji tani nyingi kama ilivyodhaniwa. Hawakuwa watu wa kiu ya damu. Wote wawili walikuwa wakimbizi walioogopa kwamba Hitler angelipata bomu hilo kwanza. Tusiwahukumu kwa wepesi sisi tunaojua jinsi vita vilivyomalizika.

Mwaka wa 1943 mwaliko ulimfikia Meitner pia. Alitakiwa ajiunge na wanasayansi wa Uingereza waliokuwa wakienda Marekani kwenye mradi wa bomu. Fikiri, msomaji, hali aliyokuwa nayo. Alikuwa na umri wa miaka 64, mpweke, fukara wa vifaa, katika taasisi isiyomthamini. Huko Los Alamos angekutana tena na marafiki zake wa zamani, mtoto wa dadake, na maabara ambazo hajapata kuziona. Sababu za kumchukia Hitler alikuwa nazo tele kuliko wengi waliokubali. Alikataa. Alieleza kwamba hatakuwa na uhusiano wowote na bomu. Hakufanya maandamano wala hakuwashutumu waliokwenda. Alibaki Stockholm na upweke wake.

Hilo ndilo jambo nililosema lafaa kufundishwa. Aghalabu tunawaambia vijana kwamba sayansi ni kisu, chaweza kukata nyama au kumkata mtu, na kwamba kosa ni la mshikaji. Meitner anatufunza zaidi ya hapo. Anatufunza kwamba mtu aliyeisaidia dunia kukijua kisu anaweza kuombwa akishike, akaahidiwa heshima na ushirika, na bado akauzuia mkono wake.

Kabla ya kufika Hiroshima sina budi kupita Katanga, kwa kuwa urani ya bomu ilikuwa na kwao. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, kusini mwa Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Mwaka wa 1940 mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe hayo yenye urani nyingi ajabu hadi New York, na baadaye jeshi la Marekani likayanunua. Lugha ya kazi katika migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba watu wa lugha yetu, wakichimba na kubeba kwa mikono yao, walikuwa katika mnyororo uleule uliowaunganisha Meitner na Hahn, tofauti ikiwa ni kwamba wao hawakuulizwa kama wanakubali au wanakataa. Meitner alipata walau nafasi ya kusema hapana. Ninapozungumzia majina yaliyosahauliwa, siwezi kulitaja lake nikayapita ya wachimbaji hao kimyakimya.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa juu ya Hiroshima, na siku tatu baadaye bomu la plutoni likaangukia Nagasaki. Kufikia mwisho wa mwaka huo inakadiriwa kwamba watu 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na kiasi cha 70,000 huko Nagasaki: watoto wa shule, wauguzi, wazee, wanajeshi. Meitner alikuwa mapumzikoni katika kijiji cha Leksand. Habari ilimfikia kwa simu ya mwandishi wa gazeti. Alitoka nje akatembea peke yake kwa saa nyingi.

Waandishi wa habari waliokuwa wakitafuta sura ya kuipa habari hiyo wakampata: mwanamke, Myahudi, mkimbizi aliyemponyoka Hitler. Ilienezwa hekaya kwamba alitoroka na siri ya bomu akawapelekea Wamarekani, na akaitwa mama wa bomu. Kila alipokanusha, hekaya ilizidi kunoga. Mwaka wa 1946 alizuru Marekani, akaandaliwa karamu na waandishi ambamo Rais Truman alihudhuria, akatajwa kuwa mwanamke wa mwaka. Watengenezaji wa filamu moja kuhusu bomu walitaka kumwonyesha ndani yake, alikataa katakata. Tazama kinaya hicho: mtu mashuhuri aliyelikataa bomu ndiye aliyefanywa mzazi wake, ilhali mamia ya wanaume waliolitengeneza hawakuitwa baba wala babu, isipokuwa wachache. Neno mama, ambalo katika lugha yetu ni la heshima na la kimbilio, lilitumiwa kama mzigo wa kumtwika asiyehusika.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wa 1945 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka wa 1944 imetolewa kwa Otto Hahn peke yake, kwa kugundua mpasuko wa viini vizito. Meitner hakupewa kitu, wala Strassmann, wala Frisch. Kumbukumbu za kamati za Nobel hufungwa kwa miaka 50. Zilipofunguliwa zilidhihirisha kuwa Meitner alipendekezwa zaidi ya mara 40 katika maisha yake, na wanahistoria waliozichunguza katika miaka ya 1990 walikata shauri kwamba hakutendewa haki: kamati haikuuelewa vyema mchango wa fizikia katika kazi hiyo, na vita vilikuwa vimewatenga wanasayansi wa Uswidi na wenzao wa nje.

Yeye mwenyewe hakupigania tuzo hiyo hadharani. Kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine. Mwezi wa Juni mwaka wa 1945 alimwandikia Hahn barua ndefu, akimweleza kwamba yeye na wenzake waliobaki Ujerumani walipoteza kipimo cha haki, kwamba walimfanyia kazi mtawala dhalimu bila hata ya kujaribu kumpinga kwa kimya, na kwamba kumsaidia Myahudi mmoja hapa na pale hakukutosha. Barua hiyo haikumfikia Hahn. Lakini Meitner hakujiondoa katika hukumu hiyo. Alikiri kwamba naye alikosea, na kwamba kubaki kwake Berlin baada ya mwaka wa 1933 kulikuwa kosa la kimaadili. Wangapi miongoni mwetu, tuliofanya kazi chini ya wakubwa dhalimu kwa sababu tulizipenda kazi zetu, tumewahi kukiri namna hiyo? Strassmann, kwa upande wake, alimficha mwanamke mmoja Myahudi nyumbani mwake wakati wa vita, na ni Strassmann aliyemwomba Meitner baadaye aje Mainz aongoze idara. Alimheshimu, lakini hakurudi.

Isidhaniwe kwamba aliichukia nyuklia yenyewe. Alishiriki katika kazi zilizotangulia kinu cha kwanza cha nyuklia cha Uswidi, kilichoanza kufanya kazi mwaka wa 1954, kwa kuwa aliamini kwamba nishati hiyo inaweza kumfaa binadamu. Alipopinga, alipinga silaha. Mwaka wa 1960 alihamia Cambridge, Uingereza, kuwa karibu na Frisch. Mwaka wa 1966 serikali ya Marekani iliwatunuku yeye, Hahn na Strassmann tuzo ya Enrico Fermi kwa pamoja. Hahn alifariki mwezi wa Julai mwaka wa 1968. Meitner, aliyekuwa dhaifu, hakuambiwa. Alimfuata tarehe 27 Oktoba, siku chache kabla ya kutimiza miaka 90, akazikwa katika kijiji cha Bramley karibu na ndugu yake mdogo. Frisch alichagua maneno ya jiwe la kaburi, na maana yake ni kwamba alikuwa mwanafizikia ambaye hakuupoteza utu wake.

Mwaka wa 1997 elementi ya 109 ilipewa rasmi jina la meitneri. Jina la Hahn nalo lilikuwa limependekezwa kwa elementi nyingine, lakini mwaka huohuo likaachwa. Sisherehekei kuachwa kwake. Nasema tu kwamba jina jema hung'aa gizani, hata likikawia.

Yanatuhusu nini haya? Yanatuhusu. Mwaka wa 2012 serikali yetu iliunda bodi ya umeme wa nyuklia, na mwaka wa 2024 wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujengewa kinu pwani mwao. Wapo wanaosema nchi inayokua inahitaji umeme mwingi, na wapo wanaoihofia bahari na mashamba yao. Mimi si mhandisi, sitajifanya hakimu wa jambo hilo. Lakini kama mwanaisimu nasikitika kwamba mengi yaliyosemwa na wataalamu yalisemwa kwa lugha ambayo mvuvi wa Uyombo haimiliki. Mtu asiyeelezwa hawezi kukubali wala kukataa. Anaweza tu kuburutwa, kama walivyoburutwa wachimbaji wa Shinkolobwe. Maneno tunayo: kiini, mpasuko, mnururisho, kinu. Kazi iliyobaki ni kuyatumia kwa uaminifu mbele ya wenye ardhi.

Mwanafunzi wangu aliirudisha insha yake baada ya wiki moja. Badala ya jina moja aliandika manne: Hahn, Strassmann, Meitner, Frisch, na chini yake sentensi moja kuhusu Shinkolobwe ambayo sikumwagiza. Nilimwongezea alama. Nawaomba walimu wenzangu, mtakapofika kwenye sura ya atomu, muyaandike majina hayo ubaoni yote, kisha mwaulize vijana wenu ni nani kati ya hao alialikwa kutengeneza bomu, na alijibu nini.